Riadha ya mataifa madogo ya Ulaya: thamani ya kushindana na wa kimo chako

JULAI 26, 1952, katika Uwanja wa Olimpiki wa Helsinki, Finland, fainali ya mbio za mita 1,500 ilimalizika kwa namna ambayo wachache waliitarajia. Josy Barthel, kijana wa miaka 25 kutoka Luxembourg, alichomoka katika mita za mwisho na kutwaa medali ya dhahabu. Mwingereza Roger Bannister, ambaye miaka miwili baadaye alikuja kuwa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, alimaliza wa nne. Inasimuliwa kwamba bendi ya uwanjani haikuwa imejiandaa kupiga wimbo wa taifa wa Luxembourg, kwa kuwa hakuna aliyedhani ungehitajika siku hiyo. Barthel alisimama jukwaani akitokwa na machozi.

Tukio hilo limebaki katika historia ya riadha kama ushahidi wa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipaji hakichagui ukubwa wa nchi. La pili, ambalo husahaulika, ni kwamba nchi ndogo haiwezi kujenga riadha yake kwa kungoja kipaji kimoja kizuke kila baada ya kizazi. Luxembourg haijapata tena medali ya dhahabu ya riadha katika Olimpiki tangu siku ile.

Ni kutokana na pengo hilo, kati ya kipaji cha bahati na mfumo wa kudumu, ndipo mataifa madogo ya Ulaya yalipoamua kuunda mashindano yao wenyewe. Leo yapo mashindano mawili yanayobeba jukumu hilo. La kwanza ni Michezo ya Mataifa Madogo ya Ulaya, ambayo riadha ni sehemu yake tangu mwanzo. La pili ni Mashindano ya Riadha ya Mataifa Madogo ya Ulaya, yaliyoanza 2016. Swali linalostahili kutazamwa kwa makini ni iwapo mashindano hayo ni burudani ya majirani tu, au ni chombo halisi cha kulinda nafasi ya nchi ndogo katika mchezo ambao milango yake ya juu inazidi kuwa myembamba.

Hesabu ya watu, hesabu ya vipaji

San Marino ina wakazi wapatao 34,000. Monaco na Liechtenstein kila moja ina wakazi wanaokaribia 40,000. Kwa kipimo kilicho karibu na msomaji wa Tanzania, wakazi wote wa mojawapo ya nchi hizo wangeweza kuketi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, wenye viti 60,000, na viti vingi vingebaki wazi. Andorra ina zaidi ya watu 80,000. Iceland inakaribia 400,000. Malta imevuka nusu milioni, huku Montenegro na Luxembourg kila moja ikiwa na zaidi ya 600,000. Cyprus ndiyo kubwa kuliko zote katika kundi hilo, nayo idadi ya wakazi katika maeneo yanayosimamiwa na serikali ya jamhuri inazidi 900,000.

Idadi hizo zina maana nzito katika riadha kuliko katika michezo mingine. Timu ya mpira wa miguu inahitaji wachezaji kumi na mmoja uwanjani. Riadha ni mkusanyiko wa michezo mingi ndani ya mmoja: mbio fupi, mbio za kati, mbio ndefu, kuruka viunzi, kupokezana vijiti, kuruka juu, kuruka kwa upondo, miruko mitatu, kurusha tufe, kisahani, nyundo na mkuki, kwa wanaume na kwa wanawake. Katika Olimpiki ya Paris 2024 kulikuwa na mashindano 48 ya riadha, na kila moja linadai mwili wake, ufundi wake na kocha wake.

Sasa iangaliwe nchi kama San Marino. Wavulana waliozaliwa humo katika mwaka mmoja hawafiki 200. Kutoka katika idadi hiyo mpira wa miguu huchukua sehemu yake, mpira wa kikapu sehemu yake, na masomo nje ya nchi huondoa wengine. Anayebaki akiwa na kipaji cha kuruka kwa upondo huenda asiwe na mwenzake hata mmoja wa kufanya naye mazoezi, sembuse mpinzani wa kumsukuma siku ya mashindano ya taifa.

Mwanariadha wa namna hiyo hujikuta akizijua hali mbili tu. Nyumbani hushinda bila kusukumwa, pengine akivunja rekodi ya taifa akiwa bado mwanafunzi. Ugenini, katika mashindano makubwa ya bara, huondolewa katika mchujo wa kwanza kabla hajatulia. Kinachokosekana ni hali ya tatu, nayo ndiyo shule halisi ya mchezo: kusimama kwenye mstari wa kuanzia pamoja na watu saba, akijua kwamba anaweza kuwa wa kwanza na anaweza kuwa wa nane, na kwamba tofauti itatokana na atakachokifanya dakika hiyo.

Chimbuko la 1985

Wazo la kuyakusanya mataifa madogo lilikomaa katika vikao vya wanachama wa Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mei 1985 San Marino ikawa mwenyeji wa michezo ya kwanza. Waanzilishi walikuwa nchi nane: Andorra, Cyprus, Iceland, Liechtenstein, Luxembourg, Malta, Monaco na San Marino. Sharti kuu lilikuwa jepesi kueleweka, kwamba nchi mwanachama iwe na watu wasiozidi milioni moja. Montenegro, iliyopata uhuru wake 2006, ilipokelewa 2009 na kuifanya jumla kuwa tisa.

Mwaka huohuo wa 1985, katika Kisiwa cha Man, ilifanyika kwa mara ya kwanza Michezo ya Visiwa, inayokusanya maeneo kama Jersey, Guernsey, Visiwa vya Faroe na Gibraltar. Kwamba mikusanyiko miwili ya aina hiyo ilizaliwa Ulaya ndani ya mwaka mmoja si jambo la kushangaza. Michezo ya kimataifa ilikuwa imeanza kukua kwa gharama, kwa idadi ya washiriki na kwa nguvu ya televisheni, na walio wadogo walianza kuona kwamba wasipojitengenezea uwanja wao watabaki kupeperusha bendera katika sherehe za ufunguzi tu.

Michezo ya Mataifa Madogo hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, ili isigongane na Olimpiki. Uenyeji huzunguka. Toleo la 2021, lililokuwa lifanyike Andorra, lilifutwa kutokana na janga la UVIKO-19, na michezo ikarejea Malta 2023. Andorra ilipata zamu yake 2025, likiwa toleo la 20. Monaco imepangiwa kuwa mwenyeji 2027. Kwa miaka yote hiyo Iceland na Cyprus ndizo zilizokusanya medali nyingi zaidi, jambo linalokumbusha kwamba hata miongoni mwa wadogo wapo wakubwa wao.

Siku moja, mwanariadha mmoja

Chama cha Riadha cha Mataifa Madogo ya Ulaya, kinachofahamika kwa kifupi cha AASSE, kilichukua hatua nyingine Juni 2016 pale kilipoandaa nchini Malta mashindano ya riadha peke yake. Yalifuata ya Schaan, Liechtenstein, mwaka 2018, ya San Marino mwaka 2021, ya Malta kwa mara ya pili mwaka 2022, na ya Gibraltar mwaka 2024. Mashindano hayo hufanyika katika mwaka ambao Michezo ya Mataifa Madogo haipo, isipokuwa pale ratiba ilipovurugwa na janga la UVIKO-19. Kwa hiyo mwanariadha wa nchi hizo anaweza kuwa na tukio la hadhi yake karibu kila mwaka.

Muundo wake umebuniwa kwa busara ya mwenye mfuko mdogo. Mashindano humalizika kwa siku moja. Timu hazihitaji kukodi hoteli kwa juma zima, mwenyeji hahitaji kujenga kijiji cha wanamichezo, na waamuzi wa kujitolea wanaweza kuomba ruhusa ya siku moja kazini. Nchi huwakilishwa na mwanariadha mmoja katika kila shindano, hivyo taifa lenye wakimbiaji wanne wazuri haliwezi kuijaza njia na kumnyima nafasi mgeni aliyekuja peke yake.

Gibraltar ni mfano unaoonyesha umuhimu wa mpango huu kuliko mwingine wowote. Eneo hilo la Uingereza lililo kusini mwa rasi ya Iberia lina ukubwa usiofika kilomita za mraba saba. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa hailitambui, na kwa sababu hiyo haliwezi kuingia katika Michezo ya Mataifa Madogo, ambayo huendeshwa na kamati za Olimpiki za nchi. Hata hivyo shirikisho lake la riadha linatambuliwa na Shirikisho la Riadha la Ulaya. Kwa kijana wa Gibraltar, mashindano ya AASSE ni miongoni mwa nafasi chache za kupambana na wenzake wa bara la Ulaya akiwa amevaa fulana ya kwao, na mwaka 2024 aliipata nafasi hiyo mbele ya jamaa na majirani zake. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa.

Aidha, chama hicho kimekuwa kikiingiza timu ya pamoja katika daraja la chini la Mashindano ya Timu ya Ulaya. Katika mashindano hayo kila timu huingiza mtu mmoja kwa kila mchezo na pointi hujumlishwa. Nchi isiyo na mrusha nyundo wala mpiga upondo hupata sifuri katika michezo hiyo na kushuka mkiani hata kama ina mkimbiaji hodari. Kwa kuungana, mrushaji wa taifa moja na mrukaji wa taifa jingine huziba mapengo ya wenzao. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Kinachojengwa nyuma ya medali

Wapo wanaoyabeza mashindano ya namna hii kwa kusema kwamba medali yake ni nyepesi, na kwamba mshindi wake akipelekwa katika fainali ya Ulaya hataonekana. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba muda wa mshindi katika michezo mingi ya mataifa madogo hautoshi kuingia fainali ya dunia. Lakini hoja hiyo huipima faida mahali pasipo pake.

Faida ya kwanza ni ya kiufundi. Ili matokeo yatambuliwe kimataifa, mashindano yanahitaji uwanja uliopimwa na kuthibitishwa, kamera ya mstari wa kumalizia, kipima upepo na waamuzi waliofunzwa. Upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, rekodi ya mbio za mita 100 au ya kuruka chini haihesabiwi hata kama mwanariadha amefanya maajabu. Nchi inayokuwa mwenyeji hulazimika kuwa na vyote hivyo, na baada ya wageni kuondoka, uwanja na waamuzi hubaki. Watoto wa shule hukimbia juu ya njia ileile siku ya Jumatatu.

Faida ya pili ni ya kisaikolojia, nayo haionekani katika jedwali la medali. Kusimama katika chumba cha kusubiria na wapinzani wa kiwango chako, kupanga nguvu za mbio za mita 800 pale mtu anapokubana ubavuni, kusubiri zamu ya sita ya kurusha mkuki ukiwa nyuma kwa sentimita chache: hayo hayafundishwi mazoezini. Mkimbiaji anayekutana nayo kwa mara ya kwanza katika mashindano ya dunia huwa tayari amechelewa.

Faida ya tatu ni ya muda mrefu. Vilhjálmur Einarsson aliipatia Iceland medali yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Melbourne mwaka 1956, akishika nafasi ya pili katika miruko mitatu kwa mita 16.26. Medali ya pili ya riadha ya Iceland ilisubiri hadi Sydney mwaka 2000, pale Vala Flosadóttir alipopata shaba katika kuruka kwa upondo. Miaka 44 kati ya medali mbili ni kipimo cha jinsi taifa dogo linavyoweza kukaa gizani baada ya nyota moja kuzimika.

Miaka ya karibuni imeonyesha dalili za nyota hizo kuanza kukaribiana. Kyriakos Ioannou wa Cyprus alishinda shaba katika kuruka juu kwenye mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007, kisha fedha mjini Berlin mwaka 2009. Marija Vuković wa Montenegro alitwaa fedha ya Ulaya katika mchezo huohuo mjini Munich mwaka 2022. Patrizia Van der Weken wa Luxembourg alipata shaba mbili za mbio za mita 60 mwaka 2025, moja ya Ulaya na nyingine ya dunia, zote za uwanja wa ndani. Haitakuwa haki kudai kwamba mashindano ya mataifa madogo peke yake ndiyo yaliyowatengeneza. Kila mmoja wao ana makocha, familia na miaka ya jasho nyuma yake. Lakini nchi zao zilikuwa na kitu ambacho Luxembourg ya Barthel haikuwa nacho: ratiba ya kudumu ya mashindano ya kimo chao, iliyowalazimu viongozi wa michezo kuandaa timu kamili kila mara. Usione vyaelea, vimeundwa.

Barthel mwenyewe alionekana kulielewa hilo. Baada ya kustaafu mbio aliliongoza shirikisho la riadha la nchi yake, kisha kamati yake ya Olimpiki, na hatimaye akawa waziri serikalini. Mtu aliyeshinda peke yake alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akihudumia taasisi.

Mlango unaozidi kuwa mwembamba

Umuhimu wa mashindano haya umeongezeka kwa sababu njia ya kufika juu imebadilika. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa imeweka ukomo wa takriban wanamichezo 10,500 kwa Olimpiki ya majira ya joto, huku michezo mipya ikiendelea kuongezwa. Riadha, kama mchezo wenye washiriki wengi kuliko yote, ndiyo inayopunguzwa kwanza. Katika Olimpiki ya Tokyo ilipewa nafasi 1,900. Paris zilishuka hadi 1,810.

Wakati huohuo, Shirikisho la Riadha la Dunia limeanzisha mfumo wa kufuzu unaolenga nusu ya washiriki waingie kwa kufikia kiwango cha muda au umbali, na nusu nyingine kwa nafasi zao katika orodha ya ubora duniani. Orodha hiyo hukokotolewa kwa wastani wa matokeo bora ya mwanariadha, na kila tokeo hupewa pointi za ubora wake pamoja na pointi za nafasi aliyoshika, kutegemea daraja la mashindano. Kwa maneno mengine, kukimbia vizuri peke yako nyumbani hakutoshi. Ni lazima ukimbie vizuri mahali panapohesabika na umalize mbele ya wengine.

Hapo ndipo mataifa madogo yanapobanwa. Mialiko ya mikutano mikubwa ya riadha hutolewa kwa walio juu tayari, na walio chini hukosa pa kukusanyia pointi za kuwapandisha. Mashindano ya mataifa madogo hayaondoi tatizo hilo, lakini hutoa ngazi ya kwanza: tukio linalotambulika, lenye nafasi za kushindaniwa na pointi za kuanzia.

Ipo pia nafasi ya upendeleo ambayo nchi isiyo na mwanariadha aliyefuzu hupewa ili bendera yake isikosekane. Nafasi hiyo ni ya heshima na inapaswa kulindwa, ila ina kasoro yake. Imekuwa ikielekezwa zaidi katika michezo michache, hasa mbio za mita 100, ambako hufanyika mchujo wa awali kabla ya raundi ya kwanza. Kijana mrusha kisahani wa nchi ndogo haipati kwa urahisi. Nchi ikitegemea upenyo huo pekee, itajikuta ikiwashawishi vijana wake wote kuwa wakimbiaji wa sekunde kumi na moja, hata wale ambao miili yao iliumbwa kwa tufe. Mashindano ya kimo chao huwarudishia uhuru wa kuchagua mchezo.

Nani mdogo, na nani wa kwetu?

Mafanikio yameleta maswali mapya. Michezo ya 1985 iliweka mpaka wa watu milioni moja. Mashindano ya AASSE yamefungua mlango mpana zaidi, yakizipokea nchi kama Albania, Armenia, Georgia, Moldova, na Bosnia na Herzegovina, ambazo zina mamilioni ya watu lakini riadha yake haijakomaa. Upo mantiki katika uamuzi huo, kwa kuwa udogo katika michezo haupimwi kwa sensa pekee. Ushindani pia umepanda. Lakini kwa mwanariadha wa Liechtenstein, mpinzani kutoka nchi yenye watu milioni tatu si yule wa kimo chake aliyeahidiwa. Mlango ukiendelea kupanuliwa, mashindano yanaweza kugeuka kuwa daraja jingine la chini la Ulaya, na wale waliokuwa sababu ya kuanzishwa kwake wakarudi walikotoka.

Swali la pili linahusu uraia. Nchi ndogo yenye fedha hukabiliwa na kishawishi cha kununua kwa mwaka mmoja kile ambacho kingejengwa kwa miaka ishirini. Jambo hili linafahamika vyema Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Mkenya Stephen Cherono alihamia Qatar na kuwa Saif Saaeed Shaheen, akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya bendera yake mpya, na wengine wakafuata mkondo huo. Februari 2017 shirikisho la dunia lilisimamisha uhamisho wa aina hiyo, na Julai 2018 likauruhusu tena kwa masharti makali zaidi, likiwemo la kusubiri miaka mitatu.

Kwa mashindano ya mataifa madogo, suala hili linagusa mzizi wenyewe. Medali ya mwanariadha aliyenunuliwa huingia kwenye jedwali kama nyingine yoyote, lakini haiachi kocha, haiachi klabu, wala haimwambii mtoto wa jirani kwamba naye anaweza. Mashindano yaliyoundwa ili kukuza vipaji vya nyumbani yatakuwa yamejisaliti yakigeuka soko la vipaji vya wengine.

Njia moja, historia mbili

Hakuna mahali panapoonyesha kiini cha suala hili kama Monaco. Nchi hiyo yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba mbili ndiyo makao makuu ya Shirikisho la Riadha la Dunia. Katika Uwanja wa Louis II, wana wa Afrika Mashariki wameandika baadhi ya kurasa zao bora. Julai 2018 Beatrice Chepkoech wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8 na sekunde 44.32. Agosti 2020 Joshua Cheptegei wa Uganda alivunja rekodi ya mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Julai 2023 Faith Kipyegon wa Kenya alikimbia maili kwa dakika 4 na sekunde 7.64.

Hata hivyo Monaco yenyewe haijawahi kutwaa medali ya riadha ya Olimpiki. Ina njia yenye kasi, ina wataalamu, ina mkutano wa riadha unaotazamwa na dunia nzima, na bado kijana wake hakui kwa sababu tu bora wa dunia wamepita mtaani kwao. Kutazama hakufundishi kushindana. Michezo ya 2027 itakapofanyika humo, huenda umati usifike nusu ya ule wa usiku wa rekodi, na muda wa washindi hautatangazwa duniani. Lakini kwa mara moja, jina la mwenyeji litakuwa katika orodha ya wanaoanza.

Mfano huu hauko Ulaya pekee. Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi, iliyoanza Réunion mwaka 1979, imekuwa ikiwakutanisha Mauritius, Shelisheli, Madagaska, Komoro na wenzao kwa mantiki ileile, na Komoro imepewa uenyeji wa 2027. Mwaka mmoja, nchi mbili ndogo, moja tajiri sana na nyingine isiyo na utajiri huo, zitakuwa zikikabili kazi inayofanana: kutayarisha uwanja, kuwafunza waamuzi, na kuwapa vijana wao wapinzani wa haki.

Tathmini ya mashindano ya aina hii, kwa hiyo, haifai kuishia katika kuhesabu medali wala kulinganisha muda wa mshindi na rekodi ya dunia. Vipimo vinavyofaa ni vichache na viko wazi. Je, vijana wangapi walipata fainali ambayo wangeweza kuishinda? Je, uwanja uliojengwa unatumika baada ya wageni kuondoka? Je, nchi iliyoleta wanariadha wanne miaka kumi iliyopita sasa inaleta wangapi, na katika michezo mingapi? Serikali na vyama vya michezo vinavyojiuliza maswali hayo kila baada ya mashindano vitajua iwapo fedha za umma zimepanda mbegu au zimepamba sherehe.

Uwanja uliokuwa mkuu wa michezo jijini Luxembourg ulipewa jina la Josy Barthel. Vizazi vya vijana vimekimbia humo, wengi wao bila matumaini ya kufika Olimpiki. Siku ile mjini Helsinki nchi yao ilisubiri mtu mmoja, akatokea. Kazi ya mashindano ya mataifa madogo ni kuhakikisha kwamba atakayetokea kesho atakuwa ametoka katika kundi la wenzake, na kwamba wimbo wa taifa lake utakuwa umekwisha kuandaliwa.